Karatasi Zilizotangaza Vifo: Mafunzo Niliyopata

Katika Ulaya ya karne ya 16 na ya 17, mtu mkubwa alipouawa kwa hukumu ya serikali, habari zake hazikuishia uwanjani alikouawa. Muda si mrefu zilitoka katika karatasi: ukurasa mmoja uliochapwa upande mmoja, picha juu, maelezo chini, mara nyingi kwa beti ili anayejua kusoma awasomee wasiojua. Karatasi hizo ziliuzwa sokoni, kwenye maonyesho makubwa ya biashara kama ya Frankfurt na Leipzig, na mikononi mwa wachuuzi waliokwenda mji hadi mji. Zilikuwa zama za Wakatoliki na Waprotestanti kupigana, na pia za Waprotestanti wenyewe kwa wenyewe kugombana, na kila upande ulikuwa na maiti wa kutangaza.

Mimi ni mtunza nyaraka. Nilikwenda Ulaya kusomea uhifadhi wa karatasi za kale, nikapewa mafungu ya matangazo ya namna hii kuyasafisha na kuyaandikia maelezo, na tangu hapo sijayaacha. Wenzangu wengine huvutiwa na wino au uzuri wa picha. Mimi hunishika kitu kingine: kila karatasi inahangaika kujibu swali moja tu, je, huyu ameuawa kwa kosa lake au kwa dini yake? Jibu lake ndilo lililokuwa likiuzwa. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Tazama shtaka kabla ya kutazama damu

Padre Edmund Campion, Mjesuiti, alinyongwa Tyburn, London, tarehe 1 Desemba 1581. Alikuwa amerudi Uingereza kwa siri mwaka uliotangulia ili awahudumie Wakatoliki chini ya utawala wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kitabu chake kidogo cha Kilatini, chenye hoja kumi za kuitetea imani yake, kilichapwa mafichoni, na mwezi Juni 1581 wasomi wa Oxford walikuta nakala zimewekwa juu ya mabenchi ya kanisa la St Mary's. Mwezi uliofuata akakamatwa.

Mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya kali iliyogusa dini waziwazi. Serikali ingeweza kumhukumu kwa sheria hiyo. Haikufanya hivyo. Ilimshtaki kwa sheria ya uhaini ya karne ya 14, kwamba alikula njama ya kumwondoa Malkia. Nilipoelewa uamuzi huo nilianza kuzisoma karatasi zote kwa jicho jingine. Anayeuawa kwa sheria inayotaja dini hufa shahidi wa dini yake, na serikali ilimtaka afe mhaini.

Hata hivyo haikutulia. Mwaka 1583 William Cecil, waziri mkuu wa Malkia kwa kila hali isipokuwa cheo, alitoa kijitabu cha kueleza kwamba waliouawa waliuawa kwa uhaini wala si kwa imani, na kikatafsiriwa kwa lugha kadhaa ili wasomaji wa ng'ambo nao wasadiki. Mwaka uliofuata William Allen, kiongozi wa Wakatoliki wa Kiingereza waliokuwa uhamishoni, akamjibu kwa kitabu chake. Serikali yenye jeshi, mahakama na kitanzi ilijiona ina haja ya kubishana na padre mmoja aliyekwisha kufa. Hapo ndipo nilipoanza kuzithamini karatasi hizi: zinaonyesha mahali ambapo mwenye nguvu alikuwa na wasiwasi.

2. Mchapaji naye ana shingo

Jambo hili linasahaulika kwa urahisi. William Carter alikuwa mchapaji Mkatoliki wa London. Alichapa kitabu kilichowasihi Wakatoliki wasiende kwenye ibada za kanisa la serikali, na ndani yake mlikuwa na mfano wa Yudithi, mwanamke wa Biblia aliyemkata kichwa Holoferne. Waendesha mashtaka wakasema Holoferne hapo ni Malkia, na kwamba kitabu kinawachochea wanawake wa ikulu wamwue. Carter aliuawa Tyburn Januari 1584. Stephen Vallenger alikatwa masikio kwa maandishi yaliyochapwa kumsifu Campion. Thomas Alfield, padre aliyeandika masimulizi ya kifo cha Campion, alinyongwa mwaka 1585 kwa kuingiza nchini vitabu vya Allen. Richard Verstegan, aliyeyachapa masimulizi hayo, alikimbia. Mwaka 1587 alitoa mjini Antwerp kitabu kizima cha picha za mateso ya Wakatoliki mikononi mwa Waprotestanti.

Upande wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Frans Hogenberg, mchonga picha mzaliwa wa Mechelen, aliihama nchi yake iliyokuwa chini ya mkono wa Mhispania akahamia Cologne, na huko ndiko alikochapa mfululizo wa picha za vita na mauaji ya Nchi za Chini za Ulaya, pamoja na kukatwa vichwa kwa Egmont na Hoorn, makabaila wawili wa huko.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuitazama picha natafuta jina la mji na la mchapaji. Yakiwepo, ninajua alichapa akiwa na ruhusa, au akiwa mbali na aliowasema. Yasipokuwepo, ninajua aliogopa, na ninaisoma karatasi yake kwa heshima zaidi.

3. Kidole kinajua ambacho jicho halijui

Pitisha kidole juu ya karatasi ya namna hii, kama wenye nayo watakuruhusu. Kuizunguka picha utahisi ukingo mdogo uliozama. Hiyo ni alama ya sahani ya shaba. Mchongaji alichimba mistari kwenye shaba, akaijaza wino, akaufuta uliobaki juu, kisha karatasi yenye unyevunyevu ikapitishwa pamoja na sahani kati ya magogo mawili yanayokandamiza kwa nguvu hadi wino uvutwe kutoka ndani ya mistari. Sasa shusha kidole kwenye maandishi ya chini. Huko hakuna ukingo. Kuna vishimo vidogo tu vya herufi za risasi zilizopangwa moja moja na kugandamizwa kwa mtambo mwingine kabisa.

Maana yake ni kwamba karatasi moja ilipita mikononi mwa mafundi wawili, kwenye mitambo miwili. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Picha inaweza kuuzwa mji mwingine ikavalishwa maneno ya lugha nyingine, na maneno yanaweza kubadilishwa picha ikabaki ileile. Sahani iliyochongwa kuomboleza inaweza kutumika kushangilia. Wanafunzi wangu wanaponiuliza picha fulani "inasema nini", huwaambia waifunike kwa karatasi safi na kusoma maandishi peke yake, kisha wafunike maandishi na kuitazama picha peke yake. Mara nyingi hawakuti habari moja.

4. Praha: siku nzima katika fremu moja

Kama ningeruhusiwa kubaki na tukio moja tu, ningebaki na la Praha, 21 Juni 1621.

Chanzo chake kinajulikana. Mwezi Mei 1618 wakuu wa Kiprotestanti wa Bohemia waliwatupa dirishani maofisa wa Kaisari katika ngome ya Praha, wakamkataa Ferdinand wa Habsburg, wakajichagulia mfalme wao, Frederick. Tarehe 8 Novemba 1620 jeshi lao lilivunjwa kwenye Mlima Mweupe, nje kidogo ya mji, katika vita ambavyo havikufika hata saa mbili. Frederick alikimbia. Waliobaki walikamatwa miezi michache baadaye, wakahukumiwa na mahakama maalumu iliyoongozwa na Karl wa Liechtenstein, na 27 kati yao wakauawa asubuhi moja kwenye uwanja wa Mji Mkongwe: makabaila wakuu 3, makabaila wa daraja la pili 7, na wenyeji wa mijini 17. Mzinga ulilia kutoka ngomeni mnamo saa kumi na moja alfajiri, na kazi ikachukua saa nyingi. Mnyongaji, Jan Mydlář, alitumia panga nne. Watu 24 walikatwa vichwa, 3 walinyongwa.

Karatasi za Kijerumani zilizotoka kuhusu siku hiyo zinafanya jambo ambalo mpiga picha wa leo hawezi. Zinaweka asubuhi yote katika fremu moja. Jukwaa limeegemea jumba la halmashauri ya mji, limetandazwa kitambaa cheusi. Mmoja anapiga magoti kungoja upanga, wengine tayari wananing'inia, askari wamepangwa kwa mistari na mikuki yao imesimama wima, umati umejaa hadi pembeni. Ukikaa nayo kwa muda unaanza kuona waliovaa vinyago vyeusi, wasaidizi waliokuwa wakiondoa miili na kuifunika. Kisha unaona herufi ndogondogo, A, B, C, zimetawanywa juu ya picha. Kila herufi ina maelezo yake chini.

Herufi hizo ndizo zinazonikamata. Zinakuvuta kidole kutoka picha hadi maandishi na kukurudisha, mpaka umeshiriki kutaja jina la kila mtu na adhabu yake. Wachongaji Wafaransa Tortorel na Perrissin walikuwa wameutumia utaratibu huo katika picha zao za vita vya dini vya Ufaransa, zilizotoka Geneva mnamo 1569 na 1570. Katika picha yao ya mauaji ya Waprotestanti mjini Amboise, Machi 1560, mtu mmoja amesimama jukwaani ameinua mikono juu. Anaitwa Villemongis. Ameichovya mikono hiyo katika damu ya wenzake waliokwisha kukatwa vichwa, na anamwonyesha Mungu. Wachongaji hao walikuwa Waprotestanti, na picha ileile ambayo serikali ya Ufaransa ingeweza kuitumia kutisha watu, wao waliifanya iwe mashtaka.

Picha ya Praha mara nyingi ilifanya kinyume chake. Ilihesabu waliouawa kwa mpangilio wa vyeo, makabaila kwanza, watu wa mjini mwisho, kama vile hata katika kufa amri ya Kaisari ilirudisha utaratibu uliokuwa umevunjwa. Wa kwanza kuitwa alikuwa Joachim Andreas Schlick.

5. Tafuta wapiga ngoma

Praha palikuwa na ngoma. Zilipigwa jukwaani na kuzunguka uwanja wote ili maneno ya mwisho ya wanaokufa yasiwafikie watu. Picha haina sauti, na maelezo ya mshindi hayana haja ya kukumbusha kwamba kelele hiyo ilikuwa ya makusudi. Lakini ukijua ngoma zilikuwepo, unazisikia kila mara karatasi inapokuambia tu kwamba fulani "alifuatia".

London ya mwaka 1649 iliendesha mambo tofauti. Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa Whitehall tarehe 30 Januari, askari walijaa kati ya jukwaa na raia kiasi kwamba wachache tu walimsikia. Hata hivyo alisema, waliokuwa karibu waliandika, na hotuba yake ikachapwa. Alijiita shahidi. Kitabu kilichotolewa kwa jina lake wakati uleule wa kifo chake kilipata matoleo zaidi ya 30 kabla ya mwaka kwisha, na serikali mpya ikabidi imtume mwandishi wa uzito wa John Milton kukijibu. Waliomwua waliweza kuzuia sauti isivuke uwanja, hawakuweza kuizuia isiingie katika mtambo wa chapa.

Wa Praha walingoja muda mrefu zaidi. Maneno yao ya mwisho yalitunzwa na waliokuwa nao usiku ule wa mwisho, hasa wachungaji. Na hapo pia pana jambo la kuangalia: wachungaji wa Kilutheri waliruhusiwa kuwaona waliohukumiwa, lakini wachungaji wa Ndugu wa Bohemia, kanisa la baadhi yao, walikatazwa. Mwanachuoni Comenius, yeye mwenyewe mchungaji wa Ndugu hao na mkimbizi kwa sababu ya vita hivyo, alikuwa miongoni mwa walioyakusanya masimulizi hayo uhamishoni katika kitabu cha historia ya mateso ya kanisa lake kilichotoka mwaka 1648.

6. Mtu asiyeingia katika kitabu cha upande wowote

Orodha ya watu 27 ukiisoma haraka ni orodha ya waasi Waprotestanti. Nimejifunza kuisoma polepole, jina baada ya jina, na kumwuliza kila mmoja alikuwa nani kabla ya asubuhi ile.

Kryštof Harant alikuwa mtunzi wa muziki aliyesafiri hadi Yerusalemu na Misri mwaka 1598, akaandika kitabu cha safari hiyo kwa lugha yake. Václav Budovec alikuwa amekaa Istanbul miaka kadhaa, akasoma mambo ya Uislamu ili aupinge kwa kitabu. Msomaji Mwislamu hatampenda kwa kitabu hicho, na sioni sababu ya kumficha hilo. Lakini mtu aliyekesha na vitabu vya dini nyingine kwa miaka yote hiyo hakuwa mwasi wa mtaani. Kašpar Kaplíř alikuwa na miaka 86. Jan Jessenius alikuwa mkuu wa chuo kikuu, daktari aliyepasua maiti mbele ya hadhara ya Praha mwaka 1600 ili wanafunzi waone mwili wa binadamu ulivyo. Kwa kuwa alikuwa mjumbe na msemaji wa waasi, alikatwa ulimi kwanza, kisha kichwa, kisha mwili wake ukagawanywa vipande vinne.

Halafu yupo Diviš Černín. Huyu alikuwa Mkatoliki.

Kosa lake ni kwamba siku ile ya Mei 1618 yeye ndiye aliyekuwa na dhamana ya ngome, na aliwafungulia wakuu wa Kiprotestanti lango. Alikatwa kichwa pamoja nao. Kwa Kaisari alikuwa zawadi: tazameni, tumemwua hata wa dini yetu, basi hili ni suala la uhaini. Kwa vitabu vya mashahidi wa Kiprotestanti alikuwa mtu mgumu kumpatia nafasi, maana hakufa kwa imani yao. Egmont na Hoorn nao, waliokatwa vichwa Brussels tarehe 5 Juni 1568 kwa amri ya Mhispania, Duke wa Alba, walikuwa Wakatoliki. Walitakiwa wauawe kwa sababu walisimama kati, wakaomba mateso ya wazushi yapunguzwe. Waprotestanti waliwachukua wakawafanya wao, kwenye picha na kwenye nyimbo.

Watu hawa wa katikati ndio ninaowatafuta sasa katika kila fungu jipya. Vita vya dini husimuliwa na pande mbili, na mtambo wa chapa ulifanya kazi kwa pande mbili. Aliyekuwa na rafiki upande huu na kiapo upande ule alichinjwa mara moja kwa upanga na mara ya pili kwa maelezo. Ukiniuliza dhuluma ipi kubwa katika karatasi zote nilizoshika, nitakutajia hiyo kabla ya ngoma na kabla ya ulimi wa Jessenius.

7. Aliyekufa anaweza kuwahi kuijibu karatasi

Hili ni fupi. Johan van Oldenbarnevelt alikuwa mzee wa miaka 71, mtu aliyeiongoza siasa ya Uholanzi kwa zaidi ya miaka 30. Aligombana na Mwanamfalme Maurits wakati kanisa la Kikalvini lilipogawanyika juu ya fumbo la kuchaguliwa na Mungu, yeye akiwalinda waliokuwa wachache. Akahukumiwa, akakatwa kichwa The Hague tarehe 13 Mei 1619, mwezi uleule mkutano mkuu wa kanisa uliokuwa ukiketi Dordrecht ulipomaliza kazi. Mchongaji Claes Jansz Visscher alitoa picha ya tukio hilo.

Jukwaani mzee yule hakutoa mahubiri. Aliwaambia watu wasisadiki kwamba yeye ni mhaini. Ndivyo nilivyomwelewa: alijua kitakachochapwa kesho, akatumia pumzi iliyobaki kukikanusha leo.

8. Wasio na mtambo wa chapa

Nimefundisha vijana wa Afrika Mashariki kazi ya nyaraka, na nikiwaonyesha picha hizi mmoja wao daima huuliza, "Mwalimu, hii si ndiyo Namugongo?" Yuko sahihi kuuliza.

Kila tarehe 3 Juni maelfu ya mahujaji kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na kwingineko humiminika Namugongo, nchini Uganda, kuwakumbuka vijana Wakristo waliochomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Swali ni lilelile la Tyburn: je, walikataa amri ya mfalme wao, au walishika imani yao? Na mtambo wa chapa ulikuwepo hapo. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa na mtambo mdogo Natete, ulioendeshwa na Alexander Mackay, na baada ya mauaji walichapa waraka mfupi kwa Kiganda wa kuwafariji waumini waliokuwa wamejificha. Barua zao na za mapadre Wakatoliki zilifika Ulaya zikachapwa, na kifo cha vijana wale kikajulikana duniani. Wakatoliki 22 waliouawa katika mateso ya zama hizo walitangazwa watakatifu mwaka 1964.

Lakini miaka kumi hivi kabla yao, wakati wa Kabaka Mutesa, makumi ya Waislamu waliuawa Namugongo hapohapo kwa kushikilia dini yao. Walikataa kula nyama ya mnyama asiyechinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, hata kama ametoka kwa Kabaka, na hilo likahesabiwa dharau kwa kiti. Hawakuwa na mtambo Natete. Hakuna aliyewaandikia waraka, wala picha yao haikuuzwa popote. Habari zao zilihifadhiwa kwa mdomo na katika misikiti, na ni katika miaka ya karibuni tu zimeanza kupewa nafasi ya heshima hadharani. Nawaambia wanafunzi wangu, wa dini zote, kwamba wanapohesabu mashahidi wa mahali fulani wanahesabu kwanza waliopata mchapaji.

9. Anayeandika maelezo naye ameingia katika ubishi

Karatasi nyingi za aina hii zimetufikia kwa sababu mtu fulani alizikusanya. Johann Jakob Wick, mchungaji wa Zürich, alijaza juzuu 24 za habari za zama zake kati ya 1560 na 1587, akibandika ndani matangazo yaliyochapwa pamoja na barua na picha za rangi. Leo zipo katika maktaba kuu ya Zürich. Wick alikuwa Mprotestanti mwenye msimamo, na alichagua. Kila mtunzaji huchagua.

Katika fomu ya maelezo tunayojaza kuna sehemu ya kuandika mada. Nimeona rekodi za kale zilizoandika "kuadhibiwa kwa waasi", na nyingine kuhusu tukio lilelile zilizoandika "mashahidi wa Bohemia". Anayetafuta upande mmoja hapati wa pili. Basi mimi huandika vyote viwili, na kabla yavyo huandika mambo yasiyo na ubishi: mahali, tarehe, mahakama iliyohukumu, shtaka kama lilivyosomwa, dini ya kila mtu pale inapojulikana, na majina yote. Si jina la kwanza na "wengineo". Yote 27, hadi mwenyeji wa mwisho wa mji ambaye mchongaji alimpa herufi na hakumpa uso.

Mkuu mmoja wa idara aliwahi kuniambia kwamba ninapoteza muda, kwamba msomaji anahitaji mstari mmoja tu. Nilimjibu kwamba vichwa 12 vya watu hao viliwekwa juu ya mnara wa daraja la Praha mwaka 1621 na vikakaa huko hadi jeshi la Saxony lilipoingia mjini mwaka 1631, isipokuwa kile cha Schlick kilichorudishwa kwa mjane wake mapema. Waliovipandisha walijua thamani ya kumtaja kila mmoja.

Na huongeza mstari wa 28. Martin Fruwein, mwanasheria, alikuwa amekamatwa pamoja na wenzake na kufungwa katika mnara wa ngome. Alianguka kutoka mnarani akafa siku chache kabla ya wenzake kupelekwa uwanjani, na mwili wake ukakatwa vipande na kutundikwa kama wa aliyehukumiwa. Hesabu ya siku ile haimjumuishi. Kwenye rekodi zangu yumo, na tarehe yake, na shtaka lake, kwa herufi za ukubwa uleule.